Masafa ya Angani Baina ya Resolute na Grise Fiord

Mtu akiitazama ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani mwa darasa, na macho yake akayapandisha mpaka ukingo wa juu kabisa, huko ambako nchi ya Kanada imevunjikavunjika ikawa visiwa tele vilivyozungukwa na maji yaliyoganda, akabahatika kuviona vitone viwili vyenye majina ya Resolute na Grise Fiord, atadhani kwamba baina yake mna safari ndefu ya kuikata nusu ya bara. Na dhana hiyo haitakuwa kosa lake, bali kosa la ramani. Resolute uko katika kisiwa cha Cornwallis, na Grise Fiord uko katika pwani ya kusini ya kisiwa cha Ellesmere, na yote miwili imo katika eneo la Nunavut, lililopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 iliwakuta Resolute watu 183 na Grise Fiord watu 144, na ukiupita Grise Fiord hukuti tena kijiji cha raia upande wa kaskazini katika nchi nzima ya Kanada, ila vituo vya jeshi na vya watazamaji wa hali ya hewa. Masafa baina ya miji hiyo, yakipimwa angani toka uwanja hadi uwanja, ni kilomita 385 hivi. Barabara hakuna, na haijapata kuwapo.

Sababu ya ramani kudanganya ni kwamba dunia ni tufe na karatasi ni bapa, na hakuna fundi awezaye kulitandaza tufe juu ya karatasi bila ya kulivuta mahali fulani. Ramani mojawapo iliyoenea sana madarasani ni ya mtindo wa Gerardus Mercator, aliyeitoa mwaka 1569 kwa ajili ya manahodha, ambao hawakuhitaji ukubwa sahihi wa nchi bali walihitaji kwamba mstari walioupiga kwa rula uwaonyeshe uelekeo mmoja wa dira toka bandari hadi bandari. Kwa manahodha hao ilikuwa neema kubwa. Lakini ili kuipata faida hiyo Mercator alilazimika kuzitanua nchi kila zinapoikaribia ncha, na katika latitudo ya nyuzi 75 na 76, iliko miji yetu hii, kila urefu huonekana mara nne ya vile ulivyo kwa kulinganishwa na urefu wa penye Ikweta.

Mistari ya longitudo hukutana nchani kama pande za chungwa lililomenywa. Katika Ikweta, ile ipitayo Kenya, Uganda na Kongo, uzi mmoja wa longitudo una upana wa kilomita 111, lakini kadiri mtu anavyopanda kaskazini pande zile huzidi kuwa nyembamba, hata katika latitudo iliyo katikati ya Resolute na Grise Fiord uzi huo huo una kilomita 28 tu. Miji hii imetengana kwa nyuzi 12 za longitudo na uzi mmoja na robo tatu hivi za latitudo. Nyuzi 12 kwenye Ikweta zingekuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,300, ilhali huku juu ni kilomita 335 kwa upande wa mashariki. Nazo zile za latitudo, ambazo hazipungui popote duniani ila kwa kiasi kidogo sana, ni kilomita 190 kwa upande wa kaskazini. Mwanafunzi aliyeikumbuka kanuni ya pembetatu mraba akizichukua pande hizo mbili, kila mmoja akauzidisha kwa nafsi yake, akajumlisha, kisha akatafuta kipeuo cha pili, atapata masafa yale yale niliyoyataja. Kwa masafa marefu zaidi kanuni hiyo haitoshi, kwa kuwa uso wa dunia umejikunja, na hapo wanafalaki hutumia hesabu za pembetatu za juu ya tufe. Lakini kwa masafa ya kilomita mia chache hitilafu ni ndogo mno.

Njia fupi kuliko zote baina ya sehemu mbili juu ya tufe ni ile ifuatayo duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Mwenye tufe la shuleni na aubane uzi kwa kidole kimoja mahali anapotoka, auvute mpaka anakokwenda, na uzi ule ukikazwa utajilaza wenyewe juu ya duara kuu bila ya kuhitaji hesabu. Lililo ajabu, na ambalo mkazi wa nchi za Ikweta hana fursa ya kulishuhudia kwake, ni kwamba rubani aifuataye njia hiyo iliyonyooka kabisa huona uelekeo wake ukibadilika kadiri anavyosonga. Huondoka Resolute akielekea nyuzi 55 kutoka kaskazini halisi kwa upande wa mashariki, na akifika Grise Fiord huwa anaelekea nyuzi 66, wala hakupinda hata mara moja. Ndege imekwenda sawasawa. Kaskazini ndiyo iliyogeuka, kwa kuwa mistari yote ya longitudo inaikimbilia ncha iliyo karibu, na kila mstari una kaskazini yake.

Jambo hili walilijua wanazuoni wa Kiislamu karne nyingi kabla ya ndege kuwako, kwa sababu ya kuitafuta kibla. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alipima mahali pa miji mmoja baada ya mwingine kwa madhumuni ya kuupata uelekeo wa Makka kutokea mji wa Ghazna, na hesabu alizozitumia ni za jamii ile ile ambayo leo hutumika kumwongoza rubani. Mwislamu akisimama Resolute akataka kuielekea Makka kwa njia iliyo fupi, hataelekea kusini-mashariki kama ramani ya ukutani inavyomshawishi, bali kaskazini-mashariki, na mstari wake utapanda kwanza upande wa ncha ya dunia kabla ya kuteremka kuelekea Bara Arabu. Wala si suala la kubuni tu, kwa kuwa katika nchi hizo za kaskazini ya Kanada Waislamu wapo: Inuvik ulipata msikiti mwaka 2010, ulioundwa Winnipeg na kusafirishwa kilomita 4,000 hivi kwa lori na kisha kwa tishari mtoni, na Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, ulipata wake mwaka 2016.

Baada ya kuijua njia, yapasa rubani awe na chombo cha kumwonyesha kama yumo ndani yake, na hapo pana mtihani mkubwa kuliko hesabu zote. Dira iliyowaongoza wasafiri wa bahari zote huku haifai. Sindano ya dira haielekei ncha ya dunia, bali ncha ya sumaku, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya visiwa hivi hivi: James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 katika rasi ya Boothia, na mwaka 1948 wapimaji wa Kanada waliikuta katika kisiwa cha Prince of Wales, ambacho si mbali na Resolute. Ncha hiyo haitulii mahali pamoja. Katika miongo ya karibuni imekimbia kuelekea Siberia kwa mwendo uliopata kufika kilomita 50 kwa mwaka. Penye ncha ya sumaku nguvu yake huivuta sindano kwenda chini badala ya kuivuta upande, hata ikabaki inayumbayumba kama isiyo na kauli. Kwa hiyo katika anga ya kaskazini ya Kanada marubani hawapimi uelekeo kwa sumaku, bali kwa kaskazini halisi, na hata namba za njia za kurukia katika viwanja vya huko huandikwa kwa kaskazini hiyo. Zamani walilitegemea jua na nyota, pamoja na vyombo vya gurudumu lizungukalo kwa kasi na kushika uelekeo wake. Siku hizi husaidiwa na satelaiti.

Hata hivyo elimu hii haimsamehe anayeghafilika. Tarehe 20 Agosti mwaka 2011 ndege aina ya Boeing 737 iliyotoka Yellowknife, ikishuka kuelekea Resolute kukiwa na mawingu mazito, iligonga kilima kilicho upande wa mashariki wa uwanja, na katika watu 15 waliokuwamo wakafariki 12. Uchunguzi wa serikali ulibainisha kwamba chombo kilichoshika uelekeo kilikuwa kimepotoka kwa nyuzi kadhaa, na kwamba marubani wawili walitofautiana kuhusu mahali walipo mpaka wasaa ukawaishia. Jeshi la Kanada lilikuwa Resolute siku hiyo kwa mazoezi, na miongoni mwa mambo yaliyopangwa kufanyiwa mazoezi ilikuwamo ajali ya ndege. Ndiyo maana waokoaji walifika upesi. Masafa baina ya njia ya kurukia na kilima kile hayakufika kilomita mbili.

Ndege iendayo Grise Fiord si Boeing. Uwanja wa Resolute una njia ya changarawe ya karibu kilomita mbili, lakini ule wa Grise Fiord una mita 500 hivi, nao umebanwa na milima ya mawe inayoinuka ghafla nyuma ya nyumba, na mbele yake kuna maji ya Jones Sound. Chombo kiwezacho kutua mahali kama hapo ni Twin Otter, ndege ya injini mbili iliyoundwa Kanada na kuruka mara ya kwanza mwaka 1965, isiyochukua zaidi ya abiria 19 na aghalabu huchukua wachache kuliko hao kwa kuwa sehemu ya nafasi hujazwa shehena. Huvishwa magurudumu mapana kwa ajili ya changarawe na matope, au teleo za kutua juu ya theluji. Hewa ikiwa shwari, safari huchukua saa moja na nusu. Ndege huivuka Wellington Channel, kisha hupita juu ya kisiwa cha Devon, kilicho kikubwa kuliko visiwa vyote duniani visivyokaliwa na watu, na upande wa kusini wa njia yake liko shimo la Haughton, lenye upana wa zaidi ya kilomita 20, lililochimbwa na kimondo, ambapo wataalamu wa Marekani hujifunza namna watu watakavyoishi katika sayari ya Mirihi. Baada ya Devon ni Jones Sound, na ng'ambo ya maji hayo ndipo Ellesmere.

Lakini rubani wa njia hii hazihesabu kilomita 385. Akifika juu ya Grise Fiord akakuta ukungu umeshuka, au upepo unaporomoka milimani kwa namna ambayo haimruhusu kutua, hana uwanja wa pili wa karibu wa kukimbilia, na sharti arudi alikotoka. Kwa hiyo mafuta yake huyapima kwa safari ya kwenda na kurudi, pamoja na akiba juu yake. Kwa hesabu ya tangi basi, masafa ni zaidi ya kilomita 770. Na kila pipa la mafuta lililoko Resolute limeletwa na meli wakati wa kiangazi, kwa kuwa nje ya miezi hiyo bahari imefungwa. Abiria naye huweza kungoja Resolute siku moja au siku kadhaa, akiliangalia wingu lile lile, na maziwa na mboga zilizokuwa zipelekwe dukani zikingoja pamoja naye.

Kwa wenyeji wa Grise Fiord, Resolute wenyewe si mwisho wa safari. Pale kuna zahanati na wauguzi, lakini hospitali iko Iqaluit, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Resolute, na maradhi yaliyoishinda Iqaluit hupelekwa Ottawa, mbele tena kwa kilomita 2,000. Mwanamke mjamzito huondoka kijijini majuma kadhaa kabla ya siku zake, akaishi mbali na mume na watoto mpaka ajifungue. Meli ya shehena huja mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, na aliyesahau kuagiza kitu ataagiza kwa ndege, kwa bei ya ndege.

Sasa yafaa kuuliza ni nani aliyewaweka watu mahali hapa, kwani masafa haya hayakuchaguliwa na wanaoyaishi. Resolute ulianza mwaka 1947 kama kituo cha kutazama hali ya hewa, kilichojengwa na Kanada kwa shirika na Marekani, na hata mahali pake palipatikana kwa sababu barafu iliizuia meli kufika mbali zaidi. Jina lake ni la merikebu ya Uingereza iliyokuja karne ya 19 kumtafuta mvumbuzi Franklin na watu wake waliopotea. Mwaka 1949 jeshi la anga likaweka kambi yake. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, katika pwani ya Quebec ya kaskazini, pamoja na chache kutoka Pond Inlet, ikawapakia katika meli iitwayo C. D. Howe na kuwateremsha wengine Resolute, wengine katika kisiwa cha Ellesmere, karibu na Craig Harbour palipokuwa na kituo cha polisi. Mwaka 1955 wakaongezwa wengine, na waliowekwa Ellesmere ndio chanzo cha Grise Fiord. Serikali ilisema kwamba huko kuna wanyama wengi wa kuwinda. Waliohamishwa, na wengi walioichunguza habari hii baadaye, walisema kwamba Kanada ilitaka kuonekana kuwa ina raia katika visiwa ambavyo ilichelea kunyang'anywa.

Watu hao waliahidiwa kwamba baada ya miaka miwili, asiyeridhika atarejeshwa kwao. Hawakuambiwa mapema kwamba watatenganishwa. Walilijua hilo wakiwa melini, na jamaa wakaagana humo humo. Wale wa Inukjuak walitoka katika nchi ambayo jua huchomoza kila siku ya mwaka, wakafikishwa mahali ambapo jua huzama mwanzoni mwa Novemba na halionekani tena mpaka Februari. Walikuwa wamezoea kula ndege, samaki wa mitoni na matunda ya porini, wakakuta nchi ya mawe, na majira ya baridi ya kwanza waliyapitisha ndani ya mahema. Ilipotimia miaka miwili waliomba kurejeshwa, na ahadi haikutimizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo baadhi yao waliposaidiwa kurudi Inukjuak. Mwaka 1996 serikali ikatoa dola za Kanada milioni 10 kwa ajili ya waliohamishwa na jamaa zao, na tarehe 18 Agosti 2010 waziri wake akaomba radhi hadharani, huko huko Inukjuak. Wengi walioagana melini mwaka 1953 walikuwa wamekwisha kufa.

Toka Grise Fiord hadi Inukjuak, kwa njia ya duara kuu, ni kilomita 2,000, karibu sawasawa kusini. Lakini ndege ya kuwapeleka moja kwa moja haipo. Mjukuu wa waliohamishwa, akitaka kulizuru kaburi la bibi yake aliyebaki kule, kwa kawaida huruka mpaka Resolute, kisha Iqaluit, kisha Ottawa, kisha Montreal, ndipo apande tena kaskazini kwa pwani ya Quebec mpaka Inukjuak. Na njia hiyo ikijumlishwa inapita kilomita 5,000, bila ya kuzihesabu siku za kungoja ukungu uondoke. Nauli ya mgonjwa hulipwa na serikali, bali nauli ya kuwazuru jamaa hutoka mfukoni mwa msafiri, nayo aghalabu huzidi nauli ya kuvuka bahari ya Atlantiki.

Nimeyaeleza masafa haya kwa hesabu ya wanafalaki, ya rubani na ya abiria, na kwa kadiri nionavyo hesabu ya nne haijafanywa ipasavyo. Meli iliyowapeleka watu wale ilikuwa ya serikali, na ahadi ya kuwarudisha ilikuwa ya serikali, wala haikuwekewa sharti kwamba itimizwe kwa waliohamishwa peke yao na si kwa wana wao. Insafu yataka Kanada ilipe nauli ya kila mzaliwa wa familia zile, awe Resolute au Grise Fiord, atakayetaka kwenda Inukjuak kuwaona watu wake, kwenda na kurudi, maadamu njia ya pekee ni ya angani. Na wale walioshika madaraka huko Ottawa wanaombwa walitazame jambo hili wakati ambapo wazee walioteremshwa ufuoni wakiwa watoto bado wako hai.